Barua ya Pole kwa Mtani

Mimi nina mwandiko mzuri. Nasema bila haya, maana mapadre walinichapa viboko mpaka herufi zangu zikanyooka, na hapa Lupaso mtu akitaka kumwandikia mkwe au serikali anakuja kwangu. Mwandiko huohuo ndio ulioniponza. Laiti ningekuwa sijui kushika kalamu, Esha asingekaa miaka mitatu vile alivyokaa, na majirani zake wasingemwita mchawi.

Ngoja nianze vizuri. Nikikasirika huwa naruka mambo.

Esha ni Mmakonde wa Newala, kijiji cha juu, ukingoni kabisa mwa mlima, pale ukisimama unaliona bonde lote la Ruvuma mpaka Msumbiji. Mumewe alikuwa Alfani. Mimi naitwa Nikolao, Mmakua wa huku chini Masasi. Wamakua na Wamakonde ni watani, na utani wangu na nyumba ile haukuwa wa kuchekana sokoni tu. Ulikuwa utani wa kuzikana. Siku hizi wasiojua ni wengi, basi nieleze.

Mtu akifa kwetu, ndugu wanalia, majirani wanapika, na mtani anakuja kuharibu. Ndiyo kazi yake. Anaingia msibani akipiga kelele, anauliza mbona wali haujaiva, analala ndani ya kaburi na kuapa hatoki mpaka apewe kuku, anamsema marehemu kwa ubahili wake wote. Halafu, na hili ndilo kubwa, anadai nguo ya marehemu, anaivaa, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anamwita mjane kama alivyokuwa akimwita yeye. Mjane anacheka. Anacheka hataki, na kicheko kikishatoka, kile kilio kilichokwama kinatoka nyuma yake. Mimi sikusomea mambo ya akili za watu, lakini nimezika wengi na macho ninayo: asiyechekeshwa siku ile hubaki na kitu kifuani. Kisha mtani anaondoka na ile nguo, anafukuzwa kwa matusi mpaka njiani, na wote wanajua kwamba sasa mtu amekufa kweli na waliobaki wataishi.

Alipokufa mama yangu, Alfani alishuka kutoka Newala kwa baiskeli, mvua inanyesha, akafika ameloa mpaka soksi. Alijifunga kanga ya mama, akachukua mchi, akaanza kutwanga huku akinigombeza kwa sauti ya mama kabisa, "Nikolao, mtoto gani wewe, unakula kama umeajiriwa!" Nilicheka mpaka nikaanguka chini, na pale chini ndipo nilipolia. Nililia nikaisha. Siku ya pili niliamka nikala uji, nikaenda shamba. Hayo ndiyo mtu yule alinifanyia.

Alfani mwenyewe alikuwa rahisi kuigiza kuliko mtu yeyote niliyemjua. Zamani aliwahi kuanguka kutoka juu ya lori la ushirika akipakia korosho, na tangu hapo akawa anaburuta mguu mmoja. Alikuwa na kikohozi cha ugoro, viwili vifupi na kimoja kirefu. Alikuwa na koti la mtumba alilonunua Masasi mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, koti zito la rangi ya ugoro wenyewe, na alilivaa hata jua la Novemba likiwaka, akisema Mzungu aliyelitupa hakujua kitu. Na kila alasiri akirudi shamba, alikuwa akisimama mlangoni kwake mwenyewe, anakohoa, anapiga hodi hivi: "Wenyewe mpo, au mmehama?"

Na Esha, popote alipo, jikoni au uani, anajibu: "Tumehama! Kamwulize jirani!"

Kila siku. Miaka ishirini na kitu. Mimi mwenyewe nimeyasikia mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye kiti chao, na nilidhani ni upuuzi wa wazee.

Esha alikuwa na mdomo, wee! Nikitokea tu njiani, kabla sijashuka kwenye baiskeli, namsikia: "Ficheni panya, Mmakua amefika!" Nami namjibu, "Nipe maji ninawe, au nyie Wamakonde bado mnayaona kwenye ndoto tu?" Maana sisi tunakula panya, na wao kule juu maji ni ya taabu. Hakuna aliyenuna. Mtu akinuna, utani umekufa.

Sasa mwaka wa tisini na nne. Zama za ruksa zile, kila kitu ruksa. Miaka yote tulikuwa tunauza korosho kwa ushirika, unapeleka, unangoja, unanung'unika. Msimu ule wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, kila mmoja na mizani yake, na bei ya asubuhi si ya mchana. Watu tulipagawa. Tulilala na magunia barabarani. Mimi nilikuwa na magunia yangu kumi na moja kando ya njia pale Masasi, wingu limeshakuwa jeusi, nimesimama kwenye foleni tangu alfajiri, watatu tu mbele yangu.

Lori likasimama. Dereva, Anselmo, mtu tunayefahamiana, akatoa kichwa dirishani. "Nikolao! Alfani wako amefariki jana. Wanazika leo alasiri. Mimi napanda Newala sasa hivi, rukia!"

Ningeruka. Nafasi ilikuwepo. Nilitazama lori, nikatazama magunia, nikatazama wingu. Nikasema, "Wewe nenda, mimi nakuja na lori la nyuma."

Lori la nyuma! Lilikuwepo basi? Lilikuwepo, na jingine likaja, na jingine. Niliyaona yote yakipita. Nilipomaliza kuuza, jua limezama na Alfani yuko ardhini bila mtu wa kumtukana.

Sikwenda kesho yake kwa sababu ya aibu. Hitima sikwenda kwa sababu sikwenda maziko. Kadiri siku zilivyopita, ndivyo kupanda kule kulivyozidi kuwa kugumu. Arobaini ilipokaribia nikakaa mezani, nikachukua karatasi yenye mistari, nikaandika: "Mpendwa Bi. Esha, nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za kifo cha mume wako mpendwa. Pole sana kwa msiba huu mzito. Mwenyezi Mungu akupe subira." Nikaweka sahihi yenye mkia. Nikaikunja, nikaona nimefanya jambo la maana.

Mke wangu Anjelina aliniuliza, "Unamwandikia nani?" Nikamwambia. Akaacha kuchambua mchele.

"Umemwandikia mtani barua ya pole? Nikolao, umerogwa?"

Nikamfokea. Nikamwambia hajui adabu za watu waliosoma. Barua ikaenda.

Anjelina alikuwa sawa, na mimi nilijua yuko sawa, ndiyo maana nilifoka. Mtani hatoi pole. Ukimpa mtani pole kwa uso mkavu, umemwambia: sisi si watani tena, wewe ni mtu baki, beba mzigo wako. Heshima yote ile niliyoiandika kwa wino wa bluu ilikuwa tusi, tena tusi pekee ambalo mtani haruhusiwi kutukana.

Jibu halikuja. Nikawa nawauliza madereva, "Esha hajambo kule?" Wananijibu, "Yupo." Nikaridhika na hilo "yupo" miaka mitatu. Mwoga huridhika upesi, na mimi katika jambo lile nilikuwa mwoga.

Mwezi wa nane mwaka wa tisini na saba, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, nikiwa uani naosha vumbi la njano shingoni, akaingia Ziada, binti yao, aliyeolewa Tandahimba. Binti huyu tangu mdogo alikuwa akinitania, ananiita mume wake mzee asiye na meno. Siku ile alipiga magoti.

"Shikamoo baba."

Nilishtuka kuliko kama ningemwagiwa maji. "Marahaba. Ziada, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Lakini mama..." Akakaa kwenye kigoda, akaongea akitazama chini. Mama yake hajalia tangu siku ya maziko, hata tone. Alikaa eda yake yote kimya, akatoka kimya. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza anajibu neno moja, basi. Hachezi ngoma, haendi harusini, hagombani na mtu. Mikorosho imeota pori. Wamempeleka hospitali, daktari akampima akasema mwili mzima. Ziada alitaka kumchukua akae kwake Tandahimba, amekataa.

"Na sasa kuna jambo baya zaidi," akasema. "Majirani wanamsikia baba."

"Wanamsikia vipi?"

"Kila siku, alasiri. Anakohoa mle ndani. Anaburuta mguu. Mama Furaha wa nyumba ya pili amesikia kwa masikio yake akipiga hodi, wenyewe mpo au mmehama. Wanasema mama amemfanya ndondocha, kwamba tulizika mgomba na baba yumo ndani, amefichwa, analimishwa. Hawamwazimi hata kinu. Jumamosi wanaleta mganga wa kunyoa."

Huku kwetu tunajua maana yake. Akishanyolewa kichwa mbele ya watu, mwanamke yule ni mchawi mpaka siku anayokufa, na atakufa peke yake. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Kwa nini umekuja kwangu?" nikauliza, na nilijua kwa nini.

Ziada akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Kwa sababu wewe hukuja."

Ijumaa asubuhi nilipanda Newala. Ziada nilimwambia apitilize kwake Tandahimba, maana hii si kazi ya mtoto wa marehemu. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya matusi kimoyomoyo. Nitaanza na maji. Nitasema paa lake limechoka kuliko yeye. Nikafika, nikasimama mbele ya nyumba, nikangoja nisikie habari za panya.

Esha alitoka. Alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Akanitazama, akarudi ndani, akaja na kiti, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

"Karibu, mgeni," akasema.

Jamani. Nimewahi kupigwa, nimewahi kuibiwa baiskeli, nimezika watoto wawili. Neno lile "mgeni" liliniuma mahali sikuwa nimezoea kuumwa.

Akaniletea maji kwenye kikombe. Nikajikaza. "Haya umeyaiba wapi, Mama Ziada? Mwezi wa nane Mmakonde ana maji?"

"Ni ya mvua. Yamebaki kidogo. Kunywa."

Nikayanywa. Nikamwambia habari ya paa. Akaitikia kwa adabu kwamba ni kweli, limechakaa. Nikamwita mzee mchoyo, akasema karibu ugali ukiiva. Kila nililorusha lilianguka miguuni pake, yeye analitazama tu. Tukakaa. Kuku wakapita. Mama Furaha alipita njiani na kapu kichwani, akatema mate upande wa nyumba ile, akaenda zake, na Esha wala hakugeuka.

Kisha akasema, "Barua yako niliipata."

Nikakiweka kikombe chini.

"Nilisomewa na Mwalimu Nathanaeli. Nilimwambia asome tena. Nikamwambia, mwalimu, tazama vizuri, hakuna mahali amenitukana? Akasoma mara ya tatu. Akasema hakuna." Akachukua kikombe. "Ilikuwa barua nzuri."

Sikuweza kukaa pale. Nikasema naenda kutazama mikorosho, nikazunguka nyuma. Shamba la Alfani! Vichaka vimefika kifuani, matawi makavu hayajakatwa, maua yameoza kwa ukungu mweupe kwa kukosa salfa. Nilizunguka humo muda mrefu bila kutazama chochote. Nilikuwa nazungumza na Alfani, namwambia nisamehe bwana, mvua ilikuwa inakuja. Hata kwenye masikio yangu mwenyewe maneno yale yalikuwa ya kipuuzi.

Alasiri ikafika, nikarudi. Nilikuwa hatua chache kutoka ukuta wa nyuma niliposikia kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

Nisiwadanganye, nilifanya ishara ya msalaba, nikashika ukuta. Ndani, mguu ukaburutwa. Hatua, buruu. Hatua, buruu. Ukasimama. Na sauti ya Alfani, ile ya puani, ikasema: "Wenyewe mpo, au mmehama?"

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo. Nikachungulia.

Alikuwa Esha. Amevaa lile koti la rangi ya ugoro, mikono imemfunika vidole, amesimama upande wa ndani wa mlango wa mbele, kidevu kimeinuliwa kama marehemu. Akangoja kidogo. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akaenda kukaa kwenye mkeka, akautazama mlango ambao hapakuwa na mtu, akajibu kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, "Tumehama. Kamwulize jirani."

Hakucheka wala hakulia. Alikaa tu, mikono mapajani, anasubiri kitu kije. Hakikuja. Nilimwona akisubiri na nikajua amesubiri hivyo kila alasiri kwa miaka mitatu.

Nikasukuma mlango. Hakushtuka.

"Hukuja," akasema. "Nilingoja siku ile mpaka wakafukia. Nikangoja hitima. Nikasema basi, arobaini atakuja, Nikolao hawezi kuniacha. Ikaja barua. Nikasema, haya, nitafanya mwenyewe." Akashusha pumzi. "Sauti nimeipata, mguu nimeupata. Sijui ninapokosea. Nafanya vizuri kabisa, halafu nakaa, na hakuna kitu. Ni kujitekenya mwenyewe, Nikolao. Umewahi kujitekenya?"

"Majirani wanakusikia. Wanasema..."

"Najua wanachosema. Waje wanyoe. Kichwa hiki kina kazi gani?"

Nilikwenda kwenye msumari nikachukua koti. Lilinikaba kwapani, maana Alfani alikuwa mwembamba. Harufu ya ugoro na jasho lake ilikuwa bado imo kwenye kola, na hapo, miaka mitatu imepita, ndipo nilipoelewa kwamba rafiki yangu amekufa. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuza korosho tu.

Nikatoka nje kwa mlango wa mbele, nikaurudisha. Nikakohoa. Nikaburuta mguu mpaka kizingitini.

"Siyo huo," sauti ikatoka ndani.

"Nini?"

"Unaburuta wa kulia. Alikuwa anaburuta wa kushoto. Kutoka kwenye lori aliangukia ubavu wa kushoto, na wewe ulikuwepo!"

Nilikuwepo, ndiyo. Mimi ndiye niliyembeba. Nikarudi nyuma, nikaanza upya na wa kushoto.

"Na kikohozi gani hicho? Unakohoa kama mbuzi. Viwili kwanza! Kifupi, kifupi, halafu ndiyo kirefu!" Sauti ilikuwa imepanda. "Tena usinyooshe mgongo, nani amekuambia Alfani alikuwa askari? Rudia!"

Nilirudia mara nne. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, mvi kichwani, napanda na kushuka ua kwa mguu wa kushoto huku mwanamke ananigombeza kutoka ndani. Mara ya nne sikusikia kosa lolote. Nikafika kizingitini, nikakohoa, viwili na kimoja.

"Wenyewe mpo," nikasema, "au mmehama?"

Nikaegemea mlango, nikadhani nimeharibu kila kitu.

"Tumehama!" akasema. Sauti ikakatika katikati. "Kamwulize... kamwulize ji..."

Na kicheko kikamtoka. Kilianza puani, akajaribu kukizuia kwa kanga, kikamshinda, akacheka mpaka akainama, na nyuma ya kicheko kikaja kile kingine. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Alipiga mkeka kwa viganja, akamwita Alfani kwa jina lake, akamuuliza amekwenda wapi, akamtukana kwa kumwacha na shamba lote lile. Mimi nilikaa kizingitini nimevaa koti la maiti, nalia kama yeye. Hakuna aliyembembeleza mwenzake. Tulilia mpaka tukaisha.

Baadaye akapenga kamasi, akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yananiona mimi, siyo mgeni.

"Unalia nini wewe? Umeona panya akipita ukashindwa kumkamata?"

Ee Mungu wangu. Nilitamani nimkumbatie, lakini utani hauna mambo hayo. Nikasimama. Nikakumbuka kwamba kazi haijaisha, na kesho ni Jumamosi.

Nilitoka uani nimelivaa koti vilevile, nikaenda moja kwa moja nyumba ya pili. Mama Furaha alikuwa nje na wanawake wenzake watatu, wanapura mbaazi. Jua lilikuwa bado juu, kila mtu anaona. Nikaburuta mguu. Nikakohoa, viwili na kimoja. Fimbo zao za kupuria zikasimama hewani.

"Wenyewe mpo?" nikawauliza kwa sauti ya puani. "Nimepiga hodi pale kwangu, naambiwa wamehama, eti nimwulize jirani. Haya, jirani, nimekuja kukuuliza. Wamehamia wapi?"

Mama Furaha alipiga ukelele, mbaazi zikamwagika. Mmoja akakimbilia jikoni. Kisha huyo Mama Furaha akakaza macho, akaona tumbo langu limefumua kifungo cha koti, akaona nina mashavu ya Mmakua.

"Huyu si Nikolao?" akasema. "Yule mtani?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuzika. Nimechelewa miaka mitatu, na kwa kuwa sikuwepo, mwenye msiba alikuwa ananifanyia kazi yangu. Nyie mko mlango wa pili, mnamsikia kila siku mwanamke anajichekesha peke yake, hakuna hata mmoja aliyekwenda kucheka naye. Na mnataka kumnyoa. Mninyoe mimi!"

Nilikuwa nimekasirika, na nilikasirika zaidi kwa kuwa mtu niliyestahili kumkasirikia ndiye aliyekuwa ndani ya koti. Mmoja wa wale wanawake alianza kucheka kwa woga, akaziba mdomo, akashindwa, wengine wakamfuata, na Mama Furaha akaketi katikati ya mbaazi zake akifuta machozi, akisema, "Lo, mguu ule! Lo, Alfani huyo huyo!"

Ndipo Esha alipotokea njiani. Kwa miaka mitatu hakuwa ametembea njia ile mchana kichwa juu. Ameshika ufagio.

"Mwizi!" akapiga kelele, kijiji kizima kikasikia. "Mkamateni! Mwizi wa koti! Mla panya ameniibia koti la mume wangu!"

Basi nami nikakimbia, kama inavyopasa. Nilikimbia kuelekea barabara ya Masasi nikiburuta mguu wa kushoto, wa kushoto jamani, sikukosea tena, wanawake wanashangilia, Esha nyuma yangu na ufagio. Alinifukuza mpaka mwisho wa mikorosho yake, akasimama pale anahema. Nilipogeuka nilimwona ameshika kiuno, amesimama kwenye pori lake, peke yake, anayatazama yale matawi makavu kama mtu anayepanga aanze na lipi. Kisha akaniona nimesimama.

"Nenda!" akapaza sauti. "Na ole wako uniandikie barua nyingine!"